Upana wa Mbuyu Haupimwi kwa Kivuli

Muulize mtu mbuyu fulani ni mkubwa kiasi gani, atakutajia unene wa shina. Wachache hutaja upana wa matawi, nao aghalabu huwa wamekisia. Ni hasara, maana eneo lililofunikwa na matawi ndilo linaloonyesha mti unapokea jua kiasi gani, na upandwe umbali gani kutoka ukuta wa nyumba. Kulipima kunahitaji futikamba, timazi ya fundi mwashi na watu wawili tu.

Wengi hupima kivuli. Kivuli hulingana na matawi pale tu jua linapokuwa utosini, na Dar es Salaam jua hufika hapo mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, kwa dakika chache za mchana. Siku nyingine kivuli kimelala upande. Tumia timazi. Simama chini ya ncha ya tawi, inua uzi, utazame juu kwa kuufuata. Ncha ya tawi ikikaa sawasawa na uzi, weka kigingi pale timazi inapoelekea chini.

Wapo wanaopima upana mkubwa kabisa na mwingine unaoukata kwa pembe mraba, wakachukua wastani. Njia hiyo ni ya haraka, lakini kwa mti ulioinamia upande mmoja siiamini sana. Afadhali kupima kutoka shinani hadi ukingoni kwa pande nane, utafute wastani, kisha uzidishe kwa mbili.

Hapo ndipo mbuyu huwanasa wapimaji. Futikamba huanzia kwenye gome, ilhali kipimo kinapaswa kuanzia katikati ya shina. Chukua mbuyu wenye shina la kipenyo cha mita 3. Kila upande umepungukiwa mita 1.5, hivyo upana halisi wa mita 20 utaandikwa 17. Eneo litashuka kutoka mita za mraba 314 hadi 227. Zaidi ya robo ya mti imepotea daftarini!

Shirika la American Forests la Marekani, katika alama zake za miti mikubwa, hujumlisha mzingo wa shina kwa inchi, urefu kwa futi, na robo tu ya upana wa matawi kwa futi. Kwa nchi ambako watu na mifugo hujisitiri jua chini ya mti, naona robo ni ndogo mno.

Njia ya pande nane nayo ina mpaka wake. Thimmamma Marrimanu, mti wa jamii ya mkuyu ulioko Andhra Pradesh, India, umeshusha mizizi iliyogeuka mashina mengi na kutandaa takribani mita za mraba 19,000. Mti wa namna hiyo hauna katikati. Hupimwa kwa kuzunguka ukingo wake na kuuchorea ramani.

Mbuyu upime ukiwa na majani, kwa kuwa kiangazi hupukutika na ncha nyembamba za matawi huwa vigumu kuzitofautisha. Na unapoandika upana, andika pia njia uliyotumia na idadi ya pande ulizopima, ili atakayekuja baada ya miaka kumi aweze kulinganisha.