Falsafa au Elimu ya Dini? Uchaguzi wa Mwanafunzi wa Machakos

Mwanafunzi wa sekondari mjini Machakos akiambiwa achague kati ya falsafa na elimu ya dini, kwa hakika hana la kuchagua. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliweka masomo ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, falsafa haikuwekwa. Somo lililoikaribia ni Elimu ya Jamii na Maadili, nalo likaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hasara hiyo si ndogo, kwani humo mwanafunzi aliweza kuuliza kwa nini tendo ni jema pasipo kutanguliza maandiko matakatifu.

Ajabu ni kwamba Ukambani ndiko alikozaliwa John Mbiti (Kitui, 1931), aliyeziunganisha dini na falsafa za Kiafrika katika kitabu kimoja mwaka 1969. Nadharia yake ya wakati aliijenga kwa kuchunguza vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, kisha akaipa istilahi za Kiswahili: Sasa na Zamani. Alidai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali haupo. Kwame Gyekye wa Ghana akampinga kwa ushahidi wa lugha ya Waakan. Mwanafunzi wa Kiswahili, mwenye kukijua kiambishi -ta-, anaweza kuuingia mjadala huo hata bila kuruhusiwa na ratiba ya shule.