Sabufa ya gharama, muziki hafifu: Kosa la spika au la faili?

FAMILIA inayotumia sehemu ya malipo ya kahawa kununua seti ya spika za sebuleni, maarufu kwa jina la sabufa, hutarajia muziki safi kama wa ukumbini. Hata hivyo, katika miji midogo kama Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe, au Nkwenda katika Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, fedha hizo zinaweza kwenda bure kwa sababu ya kitu kidogo: faili lililomo ndani ya flashi.

Muziki ulio kwenye CD huhifadhiwa kwa kupima sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16. Kwa chaneli mbili, hizo ni takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Wimbo wa dakika nne huchukua kiasi cha megabaiti 42.

Wimbo huo huo ukibanwa kwa mfumo wa MP3 kwa kilobiti 128 hubaki na megabaiti zisizofika nne, yaani sehemu moja kati ya kumi na moja. Ndiyo maana flashi moja ya gigabaiti 16 inaweza kubeba nyimbo zaidi ya 4,000.

Nini hutupwa?

MP3, mfumo ambao sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa na watafiti wa Fraunhofer nchini Ujerumani, huondoa sauti ambazo sikio la binadamu halitarajiwi kuzitambua, mathalani sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa. Kilichoondolewa hakirudi tena.

FLAC, mfumo uliotolewa mwaka 2001, hufanya kazi kwa njia nyingine. Ni sawa na kushindilia gunia la kahawa lichukue nafasi ndogo bila kupunguza hata punje moja. Faili hupungua hadi karibu nusu, na likifunguliwa sauti hurejea kama ilivyokuwa.

Tofauti hiyo hujitokeza zaidi katika ala zinazodonolewa, kama enanga, ala ya nyuzi yenye ubao wa mti inayoambatana na tendi za jadi mkoani Kagera. Mdonoo wa uzi huanza ghafla. MP3 iliyobanwa mno huutangulizia mchakacho mdogo, hivyo ule ukali wa mdonoo hufifia. Aidha, sauti nyembamba za juu hukatwa.

Filamu nazo

Kwa upande wa filamu, DVD hubeba sauti ya Dolby Digital iliyobanwa, isiyozidi kilobiti 448 kwa chaneli zote sita. Diski za Blu-ray, zilizoingia sokoni mwaka 2006, zinaweza kubeba Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio, ambazo hazipotezi kitu. Lakini sauti hizo hazipiti katika kebo ya optiki. Huhitaji HDMI na mashine inayozitambua.

Filamu iliyonakiliwa na kubaki na chaneli mbili tu haiwezi kurejeshewa nyingine nne. Spika zote tano zinaweza kulia, lakini zinagawana sauti ile ile.

Pamoja na hayo, mnunuzi hana sababu ya kuogopa kila MP3. Katika kilobiti 256 hadi 320, wasikilizaji wengi hushindwa kuitofautisha na CD wanapojaribiwa bila kuambiwa ipi ni ipi. Chini ya paa la bati mvua inaponyesha, mahali spika zilipowekwa huweza kuwa na uzito kuliko aina ya faili. Besi iliyopandishwa kupita kiasi nayo hufunika mengine yote.

Hatari kubwa zaidi

Suala linakuwa zito linapohusu kumbukumbu. Mzee anayepiga enanga akirekodiwa kwa simu, mara nyingi sauti hubanwa tangu mwanzo. Kunakili faili kutoka flashi moja hadi nyingine hakuliharibu, lakini kila linapobanwa upya kwa programu nyingine hupoteza tena kidogo. Kuligeuza MP3 kuwa FLAC hakusaidii, kwani huhifadhi kwa uaminifu kile tu kilichosalia.

Kwa sababu hiyo, redio za jamii, makanisa, shule na familia zinazorekodi ngoma, harusi na simulizi za wazee zinashauriwa kuchagua WAV au FLAC tangu wakati wa kurekodi, kuhifadhi nakala halisi mahali pawili tofauti, na kutengeneza MP3 kwa ajili ya kusikiliza tu.

Flashi ya gigabaiti 16 inaweza kutunza takriban nyimbo 700 za FLAC. Sabufa mbovu inaweza kubadilishwa msimu ujao wa kahawa, lakini sauti ya mpigaji aliyekwisha kufariki haiwezi kurekodiwa upya.