Lugha katika Utafiti wa Tiba ya Saratani: Funzo la Limfoma ya Burkitt

Utangulizi

Kiswahili kina majina mawili yanayotumika sana kwa ugonjwa mmoja: saratani na kansa. La kwanza limetokana na Kiarabu, na la pili limepitia Kiingereza kutoka Kilatini. Asili zote mbili zina maana ya kaa, yule mnyama wa pwani. Waganga wa Kiyunani wa kale waliufananisha uvimbe huu, na mishipa iliyotanda kandokando yake, na kaa aliyenyoosha miguu. Ni dhahiri basi kwamba tangu kale, kuuelewa ugonjwa huu kumeanza kwa kuutafutia jina.

Makala haya yanaeleza jinsi utafiti wa tiba ya saratani unavyofanywa miongoni mwa wagonjwa, kwa kurejelea limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo historia yake imefungamana na Afrika Mashariki. Aidha, yanabainisha kwamba lugha si pambo katika utafiti wa aina hii, bali ni mojawapo ya nguzo zake.

Kutoka Wodini hadi kwenye Ramani

Mnamo mwaka wa 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akihudumu katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyekuwa na uvimbe katika pande zote za taya zake. Muda mfupi baadaye alimwona mtoto mwingine mjini Jinja mwenye uvimbe wa namna hiyo hiyo. Dalili ya mvua ni mawingu. Burkitt alianza kupekua kumbukumbu za hospitali na kugundua kwamba watoto waliokuwa na uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine tumboni. Matokeo yake aliyachapisha mwaka wa 1958.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza ugonjwa huu unapatikana wapi. Mwaka wa 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari umbali wa takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, wakizuru hospitali moja baada ya nyingine. Waligundua kwamba ugonjwa ulienea katika maeneo ya joto yenye mvua ya kutosha, ilhali ulikuwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilikaribiana mno na ile ya malaria.

Kutoka kwenye Ramani hadi Maabarani

Mwaka huo huo wa 1961, Burkitt alitoa mhadhara jijini London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mtafiti Anthony Epstein. Sampuli za uvimbe zikawa zinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka wa 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli zake. Kirusi hicho, kinachoitwa Epstein-Barr, ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hata hivyo, kirusi hiki huwaambukiza watu wengi duniani bila kuwaletea saratani. Malaria ndiyo inayosaidia kulifumbua fumbo hilo. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara hudhoofika uwezo wa kukidhibiti kirusi, na wakati huo huo seli zake za kinga aina ya B huchochewa kuzaana kwa wingi. Katika kuzaana huko hutokea hitilafu: kipande cha kromosomu ya 8 huhama na kujibandika kwingine, aghalabu kwenye kromosomu ya 14. Jeni inayoamuru seli kukua hubaki imewashwa, na uvimbe huongezeka kwa kasi ambayo saratani chache huifikia. Utafiti wa EMBLEM, uliofanywa nchini Uganda, Tanzania na Kenya kati ya mwaka wa 2010 na 2016, ulikusudia kuuchunguza uhusiano huo.

Jaribio la Tiba

Upasuaji haukuufaa ugonjwa huu, kwani uvimbe ulikuwa katika viungo vingi kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Burkitt mjini Kampala na Peter Clifford jijini Nairobi walijaribu dawa za tibakemikali kama vile methotreksati na siklofosfamidi. Baadhi ya watoto walitoweka uvimbe baada ya dozi chache tu.

Mafanikio ya aina hii huthibitisha kwamba dawa inaweza kufaa, lakini hayajibu swali la pili: ni utaratibu upi wa tiba unaofaa zaidi? Hapo ndipo panapohitajika jaribio linganishi. Wagonjwa hugawanywa katika makundi kwa njia ya nasibu, ili asiwepo daktari anayewachagulia tiba fulani wagonjwa wenye nguvu zaidi. Kisha makundi yote hufuatiliwa kwa vigezo sawa, kwa miezi au miaka.

Kazi hiyo ilipata makao mwaka wa 1967, kilipofunguliwa kituo cha tiba ya limfoma huko Mulago kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa John Ziegler. Alipoondoka katika enzi ya Idi Amin, Charles Olweny, daktari Mganda, aliishika hatamu na kazi haikukatika. Ufuatiliaji wa wagonjwa ulidhihirisha kwamba saratani iliyokwisha kutoweka taya iliweza kurejea katika ubongo na uti wa mgongo. Kwa hiyo dawa zikaanza kudungwa pia katika maji ya uti wa mgongo.

Lugha na Ridhaa

Mwaka wa 1964 haukuwa wa ugunduzi wa kirusi pekee. Ndio mwaka ambao Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti unaohusisha binadamu. Msingi wake mkuu ni ridhaa: mshiriki aelezwe lengo, manufaa na hatari za utafiti, na awe huru kukataa au kujiondoa. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu wa afya, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo katika lugha anayoielewa, kwa kuzingatia pia kiwango chake cha kusoma na kuandika.

Ugumu huanzia hapo. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ataingizwa katika "jaribio", huenda akadhani kwamba mtoto anafanywa chombo cha kujaribia. Akiambiwa kwamba kundi lake litaamuliwa kwa "bahati nasibu", atafikiria mchezo wa kamari. Maneno hayo si makosa ya sarufi, bali yamekuja na mizigo ya matumizi mengine. Fomu inayoeleza kwamba "kila mtoto ana nafasi sawa ya kupata tiba ya kwanza au ya pili, na daktari hachagui" huwa ndefu zaidi, lakini hueleweka.

Neno lenye hatari kubwa kupita yote ni "kupona". Uvimbe wa Burkitt unaweza kunywea katika muda wa siku chache. Mzazi aliyeacha shamba na watoto wengine nyumbani huuona uso wa mwanawe umerudi ulivyokuwa, naye akaamini kwamba amepona. Asiporudi kwa dozi zilizosalia, seli chache zilizobaki huanza upya. Tofauti kati ya "kupata nafuu" na "kupona", ambayo darasani ni mada ya semantiki, wodini ni suala la uhai wa mtoto. Isitoshe, wagonjwa wengi wakikatiza tiba, matokeo ya utafiti wenyewe hupotoka.

Hitimisho

Katika nchi tajiri, takriban watoto tisa kati ya kumi wenye limfoma ya Burkitt hupona. Barani Afrika, wanaopona ni wachache zaidi kwa sababu ya kuchelewa kufika hospitalini, uhaba wa dawa na huduma, na kukatizwa kwa tiba. Mengi kati ya hayo yanahitaji fedha na sera. Lakini sehemu mojawapo inahitaji maneno, na wataalamu wa Kiswahili hawawezi kuwaachia madaktari peke yao mzigo huo. Istilahi za tiba hazina budi kujaribiwa kwa wagonjwa na wazazi kabla ya kuingizwa katika kamusi, na fomu za ridhaa zisomwe kwa sauti mbele ya watu zinaowahusu. Istilahi iliyosanifiwa vizuri lakini isiyoeleweka kitandani pa mgonjwa bado haijakamilika.