MTOTO AKOROMAYE KILA USIKU AANGALIWE

Wazazi wengi wa Matuu, kama wazazi wa kwingineko, husikia mtoto akikoroma wakasema, "Amechoka kwa kucheza." Mwenye mafua hukoroma siku chache akaacha. Lakini akoromaye karibu kila usiku, kinywa wazi, yafaa aonwe na daktari.

Mara nyingi sababu ni nyama za pua, zilizo nyuma ya pua tusikoweza kuona, pamoja na mafindofindo ya kooni. Kati ya miaka 2 na 8 huweza kuwa kubwa kuliko nafasi yake. Usingizini misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, pumzi hukatika kidogo, kisha mtoto hushtuka akitafuta hewa. Hivyo hulala saa nyingi asipumzike.

Meno nayo huhusika. Kinywa kikifungwa, ulimi hukaa juu kwenye kaakaa na kulisaidia taya kupanuka. Kinywa kikiwa wazi siku zote, ulimi hushuka. Taya la juu huenda likawa jembamba, meno yakasongamana, au ya mbele yasikutane. Tena taya jembamba huipunguza njia ya pua. Lakini si kila meno yaliyopotoka hutokana na hayo: mengine ni ya urithi, mengine ni ya kunyonya kidole.

Mtoto huyo huweza kusinzia darasani, kuwa na hasira, au kurudia kukojoa kitandani. Tangu mwaka 1892 daktari William Osler aliandika ya kuwa watoto wa namna hii huonekana wazito wa akili. Basi asipigwe wala asiitwe mvivu, anakosa usingizi.

Wako wanaopeleka watoto wakakatwe kimeo. Hatari! Kimeo sicho kizibacho njia, na jeraha lake huweza kuleta damu nyingi, pepopunda, hata kifo.

Mpelekeni kwanza hospitali ya Matuu. Ikihitajika ataandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali kubwa, kama ile ya Kenyatta, Nairobi. Huko nyama na mafindofindo huweza kuondolewa, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa. Na afikapo miaka 7, meno ya ukubwani yakiwa yameanza kuota, atazamwe na daktari wa meno, maana taya changa hupanuliwa kwa urahisi kuliko lililokomaa.

Usiku wa leo, mtoto akilala, msikilizeni.