Presha Haipigi Hodi: Tuipime Nyumbani na Kuiandika

Kama umewahi kuleta machungwa, nazi au ndizi Kariakoo, Dar es Salaam, unaijua shughuli ya pale. Kuli anapita na gunia mgongoni, anapiga kelele, "Pisha, pisha!" Mkokoteni huu hapa, pikipiki ile pale. Katikati ya hekaheka hiyo utamwona mtu amekaa na mizani ya kupimia uzito na mashine ya kupimia presha. Unalipa, unafungwa kitambaa mkononi, unatajiwa namba, unakwenda zako.

Je, namba ile inatosha? Leo tujifunze.

Daftari la mama lishe

Karibu na Mtaa wa Mchikichi tulifahamiana na mama lishe mmoja. Alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, na elimu yake haikulala. Alikuwa na daftari la madeni: nani kala wali, nani kala ugali, nani hajalipa. Hakuna aliyeweza kumdhulumu.

Huyu mama aliambiwa hospitali kwamba ana shinikizo la damu, yaani presha ya kupanda. Akapewa vidonge. Baada ya miezi miwili akaviacha. Tulipomwuliza akatujibu, "Mwalimu, mimi presha yangu naijua. Ikipanda, kichwa kinagonga. Sasa niko mzima, vidonge vya nini?"

Asubuhi moja upawa ukamdondoka. Mkono wa kushoto ukalegea, mdomo ukaenda upande. Kilikuwa kiharusi. Tunashukuru alifikishwa hospitali akiwa hai, lakini mpaka leo mkono ule hauna nguvu ya kuinua sufuria. Mama aliyeandika deni la kila mteja hakuwa ameandika hata mara moja deni la mwili wake mwenyewe.

Presha ni nini?

Moyo ni pampu. Unasukuma damu kwenye mishipa kama maji yanavyosukumwa kwenye mpira. Nguvu ya damu ikizidi siku hadi siku, mishipa huharibika. Madhara huonekana kwenye ubongo, moyo, figo na macho.

Mashine hutoa namba mbili. Namba ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapobana. Namba ya chini ni nguvu yake wakati moyo unapolegea. Hospitalini, presha ikirudia kuwa 140/90 au zaidi huhesabiwa kuwa imepanda. Nyumbani, ambako mtu ametulia, kiwango ni 135/85. Namba moja tu ikivuka, ya juu au ya chini, inatosha kuwa na wasiwasi.

Watu husema presha ni ugonjwa wa mjini, ugonjwa wa wakubwa. Si kweli. Watafiti walipima watu wazima wa Ilala, Dar es Salaam, na wa kijiji cha Shari, wilayani Hai. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2000. Mjini na kijijini mambo yalikuwa karibu sawa: karibu watu 3 katika kila 10 walikuwa na presha ya kupanda. La kutisha zaidi, katika kila 5 wenye ugonjwa huo, 4 hawakujua kama wanao! Na waliokuwa wameidhibiti hawakufika hata mmoja katika kila mia.

Mnaona? Presha haipigi hodi. Wengi hawasikii kichwa wala kizunguzungu. Ndiyo maana hatuipimi kwa kusikilizia mwili, tunaipima kwa mashine.

Namna ya kupima nyumbani

Mtu aliyetoka kubeba mzigo au kugombana na mteja, presha yake lazima ipande kidogo. Kwa hiyo kipimo cha mtaani kinaweza kukushtua uende hospitali, lakini hakiwezi peke yake kukwambia una ugonjwa au huna. Fanya hivi:

1. Tumia mashine ya kufunga kwenye mkono wa juu, si ya kifundo. Kitambaa kikutoshe, kisibane wala kisipwaye. Mara ya kwanza ipeleke kituo cha afya wailinganishe na yao.
2. Nusu saa kabla ya kupima usivute sigara, usinywe kahawa, wala usifanye kazi nzito. Nenda haja ndogo kwanza.
3. Kaa kwenye kiti chenye egemeo. Miguu ikanyage chini, usiikunje nne. Tulia dakika 5.
4. Funga kitambaa kwenye ngozi, si juu ya nguo. Mkono ulale mezani, usawa wa moyo. Usizungumze.
5. Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati. Andika zote.
6. Pima asubuhi kabla ya dawa na chai, na jioni pia. Endelea siku 7, au zisipungue 3, hasa kabla ya kwenda kliniki.

Hesabu yake

Hapa tunaweka namba za siku 3 tu, kwa mfano:

Jumatatu: asubuhi 150/94, jioni 148/92
Jumanne: asubuhi 142/88, jioni 146/90
Jumatano: asubuhi 144/90, jioni 140/88

Siku ya kwanza tunaiacha, kwa sababu mtu huwa na wasiwasi. Jumlisha namba za juu zilizobaki: 142 + 146 + 144 + 140 = 572. Gawanya kwa 4, unapata 143. Za chini ni 356, gawanya kwa 4, unapata 89. Wastani ni 143/89. Umevuka 135/85. Nenda na daftari kwa daktari, kwani kwake daftari hilo ni ushahidi kuliko maneno mia.

Lakini tahadhari! Usijiongezee dawa kwa sababu ya namba moja kubwa. Usiache dawa kwa sababu ya namba nzuri. Huenda ni nzuri kwa sababu unakunywa dawa. Wala usiazime vidonge vya jirani.

Wakati wa kukimbia hospitali

Ukipata 180/120 au zaidi, tulia dakika 5 urudie. Ikibaki hapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma vikali, macho kuona giza, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukatika, usisubiri kurudia kipimo. Nenda sasa hivi. Dalili za kiharusi ni za kukimbiza hata kama hakuna mashine. Mama mjamzito mwenye presha aende kliniki mapema, asingoje.

Mambo ya jikoni na kazini

Chumvi yote ya mtu mzima kwa siku isifike gramu 5, karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo tayari kwenye vyakula. Samaki wa chumvi mroweke na kumwaga maji. Punguza viungo vya pakiti, maana vina chumvi nyingi. Ondoa kibakuli cha chumvi mezani. Acha tumbaku, punguza pombe na uzito. Na ninyi wabeba mizigo, dawa za maumivu kama diklofenaki zikitumiwa kila siku zinaweza kupandisha presha. Mwulize mganga kwanza.

Mashine ni ghali kwa mtu mmoja? Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakachimba vyoo. Leo kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kununua mashine moja, kila mtu akawa na daftari lake.

Yule mama siku hizi anauza chai tu. Daftari lake analo bado. Mbele ni madeni ya wateja, nyuma ni presha yake, asubuhi na jioni.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mtu anayejisikia mzima apime presha?
2. Kikundi chenu kinaweza kupataje mashine, na nani ataitunza?
3. Wiki hii, nani nyumbani kwako ataanza daftari?