Kumsahihisha Mwanagenzi wa Programu

Mwanagenzi wa Python anauliza: arei yake ina vitu vitano, lakini akiomba kitu namba 5 programu inagoma na kumletea ujumbe wa IndexError. Tatizo ni nini? Jibu la kwanza analopewa ni kwamba Python haina arei, ina listi. Anatokea wa pili kumsuta wa kwanza: arei ipo, ni moduli iliyomo katika maktaba sanifu ya lugha hiyo. Wa tatu anaongeza kuwa hata listi yenyewe, katika Python ya kawaida, ndani yake imeundwa kwa arei. Darasa limenoga. Kwamba Python huanza kuhesabu na 0, na kwa hiyo kitu cha tano ni namba 4, hakuna aliyepata wasaa wa kusema.

Sisemi istilahi ni pambo. Anayechanganya Java na JavaScript atafungua kitabu kisichomhusu, na kutakucha hajaandika mstari hata mmoja wa maana. Huyo aambiwe mapema, tena waziwazi, ila asichekwe. Lugha aliyoibuni Brendan Eich pale Netscape mwaka 1995 iliitwa kwanza Mocha, kisha LiveScript. Jina la JavaScript ilipewa mwishoni mwa mwaka huohuo, wakati Java ikivuma sokoni. Wauzaji walitaka mvumo. Mkanganyiko wakawaachia wanafunzi.

Git na GitHub ni kesi nyingine. Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, ni kazi ya Linus Torvalds ya mwaka 2005. GitHub, iliyofunguliwa 2008, ni huduma iliyojengwa juu yake. Lakini mtu akiuliza jinsi ya kurudisha faili lake la jana kwenye kompyuta yake, akataja GitHub badala ya Git, amri ya kumpa ni ileile. Basi apewe.

Kipimo cha haki ni kimoja: je, kosa la jina linabadilisha jibu? Kama linabadilisha, anza nalo. Kama halibadilishi, jibu swali na utumie neno sahihi humohumo: "Listi yako ina vitu vitano, kwa hiyo cha mwisho ni namba 4, ukiandika -1 utakipata pia." Neno amelisikia, na programu yake inafanya kazi.

Recurse Center ya New York, wanakokwenda waandishi wa programu kujinoa, ina kanuni inayokataza sahihisho dogo lisilogusa kiini cha mazungumzo. Kanuni nyingine inakataza kujifanya umeshangaa kwamba mwenzako hajui jambo fulani. Wanaokwenda huko si wageni watupu wa fani, wengine ni wakongwe. Uzoefu, inaonekana, hauponyi ugonjwa huu.

Kwa hiyo, ndugu uliyebobea, ukikuta swali lina majibu matatu kuhusu jina na halina hata moja kuhusu kosa, tafadhali usiongeze la nne. Andika mstari mmoja wa msimbo unaofanya kazi.