Vimto Yaingia Futarini

Ramadhani moja shemeji yangu, aliyekuwa akifanya kazi Jeddah, alituletea Mombasa chupa ya Vimto. Watoto wakaikimbilia, jagi la ukwaju aliouchuja mama likabaki limejaa. Mama hakusema kitu.

Kumbe kinywaji hicho hakikuzaliwa Uarabuni! Alikibuni John Noel Nichols huko Manchester, Uingereza, mwaka 1908, kama dawa ya kutia nguvu. Mwaka 1928 wafanyabiashara wa ukoo wa Aujan wakapata haki ya kukiuza Ghuba. Ni sharubati nzito ya zabibu na matunda mengine, haina pombe, hutiwa maji baridi: aliyefunga kutwa ataka nini zaidi?

Nami nilikinywa, wasomaji, sikatai. Lakini kwanza nilimaliza bilauri mbili za ukwaju, mama akinitazama.